Magurudumu Mepesi ya Mtu wa Frasila Saba

Tangu nirudi, hapa Mlandizi sipiti mlango wa mtu bila kuitwa. "Selemani, hebu njoo utusimulie!" Nikimsimulia huyu, yule aliyekuja katikati anataka nianze upya. Mzee Pazi muuza kahawa ameshaanza kuisimulia mwenyewe, na katika hadithi yake nilikoswakoswa na simba wawili. Jamani, hakukuwa na simba hata mmoja. Basi nimekaa nikaandika. Ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe, na mimi niachwe ninywe kahawa yangu ingali moto.

Chanzo wengi wenu mnakijua, lakini nitakitaja kwa ajili ya waliokuwa safarini. Mimi ni mnene, sijifichi. Msimu uliopita, dukani kwa Mhindi, nilipanda kwenye mzani wa mbata kwa mzaha tu, nikatimia frasila saba, na mwenye duka akanisihi nishuke kabla sijamharibia mzani. Siku ya arusi ya mpwa wangu nilimpakia mke wangu Mwanaidi nyuma kwenye keria, tukaenda Visiga. Tulipofika mbele ya watu wote, gurudumu la nyuma likapinda. Mimi nikabaki nimesimama, usukani mkononi. Mwanaidi alikaa kwenye dimbwi la tope na doti yake ya kanga aliyoivaa siku ile kwa mara ya kwanza.

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Watu walipomwona mwenye mke anacheka, nao wakaona ruhusa imetoka.

Mwanaidi aliinuka topeni. Alirudi nyumbani kwa miguu, akafua kanga, akaanika, na siku ya tano akaenda kwao Kisarawe kumsalimu bibi yake. Salamu gani za kupita mwezi? Lakini mimi nikakaa, nikasema atarudi tu, hasira za mwanamke ni za kupita. Mpaka Jumanne moja akaja Athumani, yule muuza mikeka anayezunguka huku na kule, akanikuta barazani.

"Mkeo anakusalimu," akasema. "Anasema tatizo lako ni uzito. Siku utakapokuwa mwepesi, uende ukamchukue. Na mkweo Mzee Kondo naye anasema mwisho ni Ijumaa hii kabla ya sala. Usipotokea, wakishasali tu anakwenda kwa kadhi kumdaia binti yake talaka."

Niliruka kitini. Nikamuuliza, "Amesema hivyo hivyo? Uzito?"

"Alisema maneno mengi, bwana, yule mke wako anajua kusema. Na mimi nilikuwa na mikeka kichwani. Lakini neno kubwa lilikuwa hilo, mzito."

Usiku ule nilipiga hesabu yangu. Mtu hupungua kwa njia mbili, apungue yeye au kipungue anachokipanda. Mimi kupungua kwa siku tatu, hilo hata kwa kufunga Ramadhani mbili mfululizo halipatikani. Nikaamua baiskeli ndiyo iwe nyepesi. Nitafute magurudumu ya maana, niingie uani kwa mkwe nikiwa juu ya baiskeli, nimpakie mke wangu mbele ya kwao wote, nimrudishe bila kumdondosha. Mmeniuliza kwa nini sikupanda gari moshi Ruvu nikateremkia Pugu. Mke kaanguka kwenye baiskeli, nimfuate kwa gari moshi? Angesema nimekimbia kesi.

MLANDIZI MPAKA KIBAHA

Nilitoka Jumatano alfajiri na yale magurudumu yangu ya zamani. Lile la nyuma nilikuwa nimelinyoosha kwa nyundo, kwa hiyo kila likizunguka lilikuwa linagusa uma wa baiskeli na kusema kwichi. Kwichi, kwichi, kwichi, kutoka Mlandizi. Nilipofika Visiga sikuwa na haja ya kupiga kengele.

Pale Visiga nilitaka kupita upesi kwa sababu ya ile arusi. Wapi! Mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo akasimama, mkono kiunoni. "Wewe si yule? Mwenzio leo umemwaga wapi?" Nikamwambia ndiyo namfuata. Akasema, "Mfuate kwa miguu, baba, utamfikisha salama." Nikaongeza mwendo, na baiskeli nayo ikaongeza kwichi.

Nilikuwa nimejiapiza kula mlo mmoja tu kwa siku mpaka nifike. Kufika Tumbi nilikuwa naona nyota mchana. Mchanga ulikuwa mwingi, nikawa nasukuma baiskeli kuliko kuipanda, na kila ninayekutana naye ananipa pole kama niliyefiwa. Kibaha niliingia baada ya adhuhuri, kanzu imeloa jasho, nikamtafuta fundi.

KIBAHA, KWA FUNDI MAGANGA

Fundi Maganga ni Mnyamwezi aliyeteremka huku kufuata kazi za mkonge, akaishia kwenye baiskeli. Ana kibanda cha makuti kando ya barabara, na ndani kumetundikwa magurudumu. Nilipoisikia tu lafudhi yake nikafurahi, nikasahau na njaa. Mnajua wenyewe Mzaramo na Mnyamwezi. Mtani ni mtani, hata msibani ana ruhusa ya kukukebehi, na ukikasirika wewe ndiye mjinga.

"Karibu, mtani," akasema akinizunguka. "Baiskeli hii umeipanda au umeichinja?"

"Nyie mliozoea kubeba mizigo kichwani mtajua nini habari za magurudumu?" nikamjibu. Tukapeana mikono, tukacheka, kazi ikaanza.

Nikamweleza nataka magurudumu mepesi kupita yote. Akanitolea matatu, moja moja. La kwanza ringi ya chuma ya kawaida. La pili ringi nene ya baiskeli ya kubebea mizigo, spoki zake arobaini, nene, unaweza kuchomea mishikaki. La tatu, mama yangu! Ringi za aluminiamu zinazong'aa, nyembamba, spoki kama nywele. Alinipa nilinyanyue. Nililinyanyua kwa kidole kimoja.

"Hayo ni ya Mzungu mmoja mpima ardhi," akasema. "Alikuwa anashindania mbio kwao. Amerudi Ulaya, ameniachia. Lakini mtani, hayo hayakufai. Chukua haya ya mizigo."

"Kwa nini hayanifai?"

"Mzungu mwenyewe hakufika frasila nne. Wewe ukipanda, yatajikunja kama chapati."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kibanda. Nikamwambia Mnyamwezi hana haya. Yeye akakunja uso.

"Halafu spoki ni chache. Mtu wa uzito wako nyuma anataka arobaini, zikazwe sawasawa. Na breki zako za vyuma zinabana ringi kwa ndani. Ringi hizi hazina pa kubania. Utateremka mlima bila breki."

"Nitateremka na mtani wangu mbele, nikugonge wewe usimamishe baiskeli!"

"Selemani," akaniita kwa jina, "wallahi leo sitanii."

Hapo ndipo aliponimaliza kabisa. Ni mtani gani asiyesema leo sitanii? Hilo ndilo neno lao la kwanza wakitaka kukutania vizuri. Machozi yalinitoka kwa kucheka, na Maganga akatupa spana chini. Akatoka barabarani kutafuta mtu ambaye si mtani wangu, ili aniambie ukweli nimwamini. Wa kwanza kupita alikuwa kijana mwenye mzigo wa ndizi. Maganga akamshika mkono, akamwonyesha mimi, akamwonyesha ringi. Yule kijana akasema, "Huyu akae juu ya hizi? Labda azivae mkononi kama bangili." Nikamuuliza kabila lake. Mluguru! Mtani mwingine! Nikacheka upya.

Maganga hakukata tamaa. Akaenda duka la pili, akarudi na Mwarabu mmoja mzee, mpole, asiye na utani na mtu. Mzee akavaa miwani, akabonyeza ringi kwa dole gumba, akanitazama kwa huruma. "Ya sheikh, hizi hapana. Njoo dukani kwangu, ziko za chuma." Nikamgeukia Maganga. "Unaona? Huyu anauza za chuma. Unataka aseme nini?"

Maganga akakaa kwenye kigoda, akafuta uso. "Mtani, mbona ukweli kwako hauna mlango wa kuingilia?"

Tukaelewana bei. Nisimsingizie, yule bwana kazi anaijua. Jioni ile yote na asubuhi ya Alhamisi alikuwa na yale magurudumu, anakaza spoki moja moja, anaipiga kwa ukucha, anainamisha sikio, anakaza tena mpaka zote zilie sauti moja. Kila spoki mbili zilipopishana akazifunga kwa waya mwembamba zisaidiane. Mwisho akanipa spoki sita za akiba na spana ndogo. "Utazihitaji kabla ya mto Mpiji," akasema. Nikamwambia aandae nyingine kumi, aje nazo mwenyewe kwa miguu. Hakucheka. Nikafikiri ameishiwa utani.

KIBAHA MPAKA MPIJI

Nisiwe mwongo, maili ya kwanza ilikuwa raha ambayo sijawahi kuionja. Baiskeli ilikuwa inakwenda kabla sijaiambia. Kwichi imekwisha, upepo kwenye kanzu, watoto wananishangilia. Nikawa najiona nimeshafika uani kwa Mzee Kondo na Mwanaidi anafunika mdomo kwa kanga kwa furaha. Hata nikaimba.

Ting! Spoki ya kwanza. Nikasema ni moja tu. Ting! Nikaacha kuimba.

Kisha barabara ikaanza kuteremka kwenda mtoni. Nikavuta breki. Kitu gani! Vile vyuma vilipanda, vikakuta hewa, vikarudi. Nikavuta tena. Hapo ndipo maneno ya Maganga yalipoingia kichwani, yote kwa pamoja, na hayakuwa na utani hata kidogo. Nikateremsha miguu kusugua ardhi, kiatu kimoja kikabaki nyuma.

Chini ya mteremko kulikuwa na vibarua wa barabara na rundo la mchanga katikati. Nyapara wao, mtu mrefu mwenye kofia ya serikali, alinyanyua bendera nyekundu. "Simama!"

"Siwezi!" nikapiga kelele.

"Nimesema simama! Amri ya serikali!"

"Na mimi nimesema siwezi!"

Vibarua wakatawanyika. Nyapara hakutawanyika, na nitamheshimu kwa hilo mpaka kufa. Alisimama na bendera yake mpaka nilipompita ubavuni, nikaingia kwenye rundo la mchanga kwa kishindo, kichwa mbele, kanzu juu. Nilipojitoa nilimkuta amesimama juu yangu.

"Unakaidi bendera?"

"Sikukaidi, bwana nyapara. Sina breki."

"Mtu mzima, frasila zote hizo, huna breki?" Akaitazama baiskeli. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda namba nane. Akautazama mchanga wake, niliokuwa nimeutawanya mpaka majanini. "Hutoki hapa mpaka rundo hili lirudi lilivyokuwa."

Nikapewa beleshi. Nilikusanya mchanga mpaka alasiri, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Vibarua walinionea huruma, tukala pamoja ugali na dagaa, na hapo kiapo changu cha mlo mmoja nilikitimiza maana sikuwa nimekula kingine. Walipokwisha kula wawili wakalilaza gurudumu, mmoja akashika, mwingine akaweka goti, wakalinyoosha. Halikuwa duara lakini lilikuwa linazunguka. Spoki za akiba za Maganga zikaingia zote sita.

Nyapara akaniuliza ninakwenda wapi hivi. Nikamweleza. Akasema, "Mke wangu aliondoka mwaka wa juzi. Mimi sikumfuata." Akakunja bendera, akaniamuru nivuke mto nikisukuma, nisipande. Nikatii.

KILUVYA, KWA BI MWAJUMA

Kiluvya nilifika jua linazama, nikabisha hodi nyumba ya kwanza yenye moshi. Alikuwa Bi Mwajuma, mjane wa makamo, mpika maandazi. Alinipokea vizuri, nikapewa maji ya kuoga, nikatandikiwa mkeka. Akaleta wali wa nazi na kisamvu.

Harufu ilinipiga, lakini mlo wangu wa siku nilikuwa nimeshaula kwa vibarua, na kesho yake ndiyo Ijumaa. Nikasema, "Ahsante mama, nimeshiba."

Bi Mwajuma akaweka sahani chini polepole. "Umeshiba. Mtu wa mwili huu, ametoka Kibaha, ameshiba. Sema tu unaogopa nimekutilia kitu."

"La, la, mama! Hasha!"

"Mume wangu alipokufa nilisemwa. Hata wewe wa kupita njia umeshasikia?" Machozi yakaanza kumlengalenga.

Ningefanya nini? Nikala. Nikala sahani ya kwanza kumwonyesha siogopi, ya pili kumwonyesha nimefurahi, na ya tatu nadhani ilikuwa ya kwangu mwenyewe. Kisamvu kile, Mungu amlipe. Akatulia, akaniuliza sababu ya kukataa mwanzo, nikamsimulia yote, kuanzia Athumani.

Alisikiliza huku anaosha vyombo. "Mzito wa nini?" akauliza.

"Wa mwili."

"Alisema wa mwili?"

"Alisema mzito. Mimi si unaniona?"

Bi Mwajuma akacheka peke yake kwa muda mrefu, nami nikadhani anacheka unene wangu, nikakasirika kidogo. Alipomaliza akasema tu, "Lala, baba. Kesho una safari ndefu kuliko unavyoijua." Nikamweleza kuwa najua, ni maili kama kumi na mbili.

KILUVYA MPAKA KISARAWE

Ijumaa nilitoka kabla ya jogoo kumaliza. Njia ya kutoka Kiluvya kwenda Kisarawe si barabara ile mnayoijua. Ni njia ya miguu, inapita mashamba ya mihogo na mikorosho, inashuka mabondeni na kupanda, na ikipanda haishuki upesi. Sehemu tambarare nilipanda baiskeli, kwa adabu, makalio nimeyanyanyua ili nisiyachoshe magurudumu. Ting. Ting. Kila ting ilikuwa inanipunguzia mke.

Juu ya kilima cha pili, penye tambarare, nikakutana na mzee wa Kizaramo, mkulima, amebeba jembe. Akanitazama nilivyonyanyuka. "Unaogopa kukaa?" Nikashuka, nikamweleza magurudumu ni mepesi. Akaligusa la nyuma kwa ncha ya jembe, taratibu, wala hakuligonga. Likajikunja. Sitii chumvi, jamani. Lilijikunja pale pale, spoki zikachomoka zikisimama kila upande, na baiskeli ikalala ubavu.

Mzee akarudi nyuma hatua mbili. "Sikulipiga, mwanangu! Mungu shahidi yangu!"

"Najua, mzee. Wala si wewe."

Akaniambia nimsubiri akalete kamba, nikamwambia sina muda, leo ni Ijumaa. Nikaichukua baiskeli nikaitia begani. Na hapo, lazima niseme ukweli wangu, nikagundua kuwa yale magurudumu ni mepesi kweli kweli. Kwa kubebwa hayana mfano.

Nilipanda vilima vile na baiskeli begani, kiatu kimoja, frasila zangu saba na kisamvu cha sahani tatu. Jua lilikuwa linapanda nami. Nilikuwa naona kivuli changu kinavyofupika na kila kikipungua nikawa naona Mzee Kondo anavaa kanzu, anatafuta bakora, anakwenda kwa kadhi. Sikuwa na mzaha tena. Mahali fulani pale juu niliketi chini ya mkorosho, nikaona siwezi kuinuka, nikalia. Ndiyo, nililia, andikeni. Nilikuwa nimefikiria jinsi nyumba ilivyokuwa mwezi ule mzima. Nikirudi hakuna anayeniuliza nimekula nini. Kisha nikainuka.

UANI KWA MZEE KONDO

Nilifika wanaume wanatoka majumbani na kanzu safi kwenda msikitini. Mzee Kondo alikuwa amesimama mlangoni, bakora mkononi. Bibi yake Mwanaidi, mzee sana, masikio yamechoka, alikuwa kwenye kiti cha kamba chini ya upenu. Huyo ndiye aliyemlea, maana mama mkwe alitangulia mbele ya haki zamani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaitazama baiskeli. "Ndiyo umeipakia wewe, au ndiyo imekupakia?"

Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Mwanaidi alikuwa amekaa anapepeta mchele. Hakuinuka, wala ungo haukusimama.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Na nimekuwa mwepesi."

Hapo ungo ukasimama. Akanitazama kuanzia kofia mpaka ule mguu usio na kiatu. "Wapi?"

Nikaishusha baiskeli, nikamwonyesha magurudumu, moja si duara, jingine haliitwi tena gurudumu. "Ni ya aluminiamu," nikasema. "Ya mbio. Ulisema tatizo langu uzito."

"Selemani. Athumani alikuambia nini?"

"Kwamba mimi mzito. Siku nikiwa mwepesi nije."

"Mzito wa nini?"

Ilikuwa mara ya pili kuulizwa.

Mwanaidi akaweka ungo chini. "Nilimwambia hivi, neno kwa neno. Mume wangu ni mwepesi wa kucheka, mzito wa kuomba radhi. Siku atakapokuwa mwepesi wa kuomba radhi kama alivyo mwepesi wa kucheka, aje anichukue. Mwili wako niliuona tangu siku ya posa, Selemani. Nilikuwa na macho."

Mzee Kondo akakohoa, akageuka upande.

"Nilianguka," Mwanaidi akaendelea, na sauti sasa ilikuwa ndogo, "mkono huu ukavimba siku nne. Nilikuwa nakupikia nao. Uliuliza?"

Sikuuliza. Nilikuwa nimeiona kanga yenye tope, na mpaka leo naikumbuka rangi yake, lakini mkono sikuuona. Mwezi mzima niliokaa barazani nikisema atarudi, mkono sikuujua. Nimepigana na ringi, na spoki, na breki, nimebishana na Mnyamwezi na Mluguru na Mwarabu, na neno lenyewe nililopaswa kulileta halikuwa na uzito hata wa spoki moja. Niliona aibu ambayo siwezi kuiandika vizuri.

"Nisamehe, Mwanaidi," nikasema. "Nilikosa."

Mwanaidi akatazama upenuni. "Bibi hakusikia."

Nikapandisha sauti. "Bibi, nimekuja kumwomba radhi Mwanaidi. Nilikosa!"

Bibi akaweka kiganja sikioni. "Eeh?"

"Anasema eeh," akasema Mwanaidi.

Nikajaza kifua. Mnajua kifua changu. "NILIKOSA! ALIANGUKA NIKACHEKA! ALIUMIA SIKUULIZA! NAOMBA RADHI!"

Kuku walikimbia. Wanaume waliokuwa njiani kwenda msikitini walisimama, wakapanga mstari kwenye ua. Mmoja, sikumjua, akasema, "Msamehe, dada, sala itatupita." Mwingine akamwambia anyamaze, ndiyo kwanza panaanza kunoga. Nikarudia mara ya nne, na ile ya nne sikupiga kelele, maana machozi yalikuwa yananitoka mbele ya mkwe wangu na nusu ya Kisarawe.

Mwanaidi akainuka, akamwinamia bibi yake sikioni. "Bibi, amesema amekosa. Umesikia?"

"Nilimsikia tangu ile ya kwanza," akasema bibi. "Lakini anasema vizuri. Mwache aseme."

Mwanaidi akanitazama. Akatazama baiskeli, akatazama mguu wangu, akatazama kanzu yangu yenye mchanga wa serikali. Mdomo ukaanza kumcheza. Akaufunika kwa kanga, haikusaidia. Akacheka mpaka akashika nguzo ya upenu, mpaka akaketi chini, mpaka wale wa uani nao wakacheka na Mzee Kondo akaegemea bakora yake, mabega yanamtikisika.

Mimi nikasimama pale pale, nikanyamaza, nikamwacha mke wangu acheke mpaka atosheke.